Madoa kwenye picha: jinsi ya kusafisha sensa ya kamera bila kuiharibu

Mwezi wa Agosti anga la Mbeya huwa bluu tupu, na hapo ndipo kamera chafu inapoumbuka. Unapiga picha ya Loleza kutoka mjini, mlima umetoka vizuri, lakini juu yake kuna vidoa vya kijivu kama nzi waliotulia hewani. Picha inayofuata vipo palepale. Ya tatu vipo palepale.

Wengi wanaoniletea kamera zenye shida hii wameshajaribu kuzisafisha, tena zaidi ya mara moja. Kijana mmoja kutoka Tukuyu aliniambia, "Shikamoo kaka. Nimeifuta lenzi hii mpaka mkono umechoka, doa haliondoki." Lenzi yake ilikuwa inang'aa, na doa halikuwa kwenye lenzi hata siku moja. Lilikuwa kwenye sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuunda picha. Wengine huanza kufuta kabla ya kujua uchafu uko wapi, kisha wanaingiza tishu ndani ya kamera, na kamera iliyokuwa na vumbi tu inaondoka na mchubuko usiofutika.

Ukifuata hatua hizi kwa mpangilio, kazi nzima inachukua kama saa moja. Usiruke hatua ya pili.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Betri iliyojaa. Nusu haitoshi, na sababu utaiona kwenye hatua ya nne.
- Pampu ya mpira ya kupulizia, ile ya kubonyeza kwa mkono.
- Vifutio vya sensa vilivyofungwa kimoja kimoja, vya upana unaolingana na sensa yako. Sensa ndogo, ya takriban milimita 23 kwa 15, inataka kifutio cha milimita 16 au 17. Sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24 inataka cha milimita 24.
- Dawa ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa.
- Tochi, ikiwezekana ya kuvaa kichwani ili mikono ibaki huru.
- Karatasi nyeupe na penseli.
- Kitambaa laini cha lenzi.

Vitu vya kuacha mbali ni tishu, pamba za masikio, fulana uliyovaa, spiriti ya duka la dawa, na makopo ya hewa ya kusafishia kompyuta. Tishu ina nyuzi ngumu za mti. Spiriti ya kawaida mara nyingi ina viungo vinavyobaki kama utando ikishakauka. Kopo la hewa linaweza kutema gesi ikiwa bado kimiminika chenye baridi kali, na doa lake ni baya kuliko vumbi ulilotaka kuliondoa.

Pumzi ya mdomo nayo muiache, ndugu zangu. Ukipuliza unatoa na mate, hata kama huyaoni.

## Unachokwenda kukigusa

Fuata njia ya mwanga. Unaingia kupitia vioo vya lenzi, unapita kwenye apacha, yaani tundu linalopanuka na kubana, kisha unaingia mdomo wa kamera. Kwenye kamera za kioo, zile DSLR, unakutana na kioo kilicholala kwa mshazari. Hicho kinaurusha mwanga juu mpaka kwenye tundu la kuchungulia. Ukibonyeza kitufe, kioo kinanyanyuka, pazia la shata linafunguka, na mwanga unafika kwenye sensa. Kamera mpya zisizo na kioo, zile za mirolesi, hazina kizuizi hicho. Ukitoa lenzi, sensa mara nyingi iko wazi mbele yako.

Sensa yenyewe ni kipande cha silikoni chenye mamilioni ya vijumba vya kupokea mwanga. Kwenye sensa ndogo ya megapikseli 24, kila kijumba kina upana wa takriban mikroni 4. Unywele wa kichwani una mikroni 70 hivi, kwa hiyo unywele mmoja unalala juu ya vijumba 17 au 18 kwa upana. Ndiyo maana kitu usichokiona kwa macho kinaonekana dhahiri kwenye picha.

La kushika ni hili: huwezi kuigusa silikoni, na vumbi haliwezi. Mbele yake kuna vioo vyembamba vya kuchuja mwanga, na uchafu hukaa juu ya kioo cha nje. Ukisikia mtu anasema anasafisha sensa, anasafisha kioo hicho. Hilo lisikufanye ujiamini kupita kiasi. Kioo kikichubuka hakifutiki, kinabadilishwa, na kwa kamera nyingi za bei ya kati gharama yake inakaribia kununua nyingine iliyotumika.

## Hatua ya 1: Andaa chumba

Piga deki sakafu kwa kitambaa chenye maji, funga madirisha, zima feni, kisha toka nje nusu saa ili vumbi lililopanda litulie. Meza iwe tupu. Usifanyie kazi kitandani, maana blanketi linamwaga nyuzi kila ukijisogeza.

Kwetu huku Juni na Julai baridi inauma, na nyumba nyingi huingiza jiko la mkaa ndani. Litoe. Majivu ya mkaa ni mepesi, yanaelea hewani muda mrefu, na dawa nyingi za sensa zina pombe inayoshika moto upesi.

Kama umetoka kwenye baridi ya uwanda wa Kitulo au umekuwa nje alfajiri, acha kamera ndani ya begi lililofungwa saa moja au mbili ipate joto la chumba taratibu. Ukiifungua ikiwa ya baridi, mvuke wa chumbani utageuka matone juu ya kioo kilekile unachotaka kukisafisha.

*Umefanikiwa ikiwa:* ukiwasha tochi gizani na kuimulika pembeni, huoni chembe nyingi zikicheza kwenye mwanga.

## Hatua ya 2: Thibitisha uchafu uko wapi

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo tutakaa kidogo. Uchafu una makao matatu, na kila makao yana dalili zake.

Unauona ukichungulia, lakini kwenye picha haupo. Huo uko kwenye kioo cha mshazari au kwenye bamba la kulengea lililo juu yake. Hauharibu picha yoyote. Pulizia kwa pampu, ukigoma uache. Kioo kile kimepakwa rangi ya fedha upande wa mbele, na kitambaa kinaichuna.

Ni ukungu mpana, au picha imefifia kwenye mwanga mkali. Angalia lenzi. Mulika tochi kutoka upande mmoja huku ukitazama upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Huku Rungwe, ambako mvua haina likizo, nimeiona kwenye lenzi nyingi zilizokaa kabatini msimu mzima. Kuvu iliyo kati ya vioo haifutiki kwa nje. Mpelekee fundi wa lenzi mapema, kabla haijala rangi ya kinga.

Ni vidoa vidogo vya kijivu, viko mahali palepale kwenye kila picha, hata ukibadilisha lenzi. Hiyo ni sensa. Ipime hivi:

Weka kamera kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe), ISO, yaani wepesi wa kupokea mwanga, iwe 100, apacha f/16 au f/22 (namba ikiwa kubwa, tundu linakuwa dogo). Zima ulengaji wa otomatiki. Simama karibu na karatasi nyeupe iliyopata mwanga sawasawa, ijaze picha nzima, lakini zungusha lenzi ilenge mbali kabisa ili karatasi ionekane kama maziwa. Ongeza mwanga mpaka karatasi itoke nyeupe hafifu bila kuungua. Shata ikikaa wazi nusu sekunde au sekunde nzima ni sawa, tena ni vizuri: itikise kamera kidogo wakati inapiga. Alama za karatasi zitafutika kwa mtikisiko. Vumbi halitafutika, kwa kuwa linasafiri pamoja na sensa.

Kwa nini f/16? Fikiria siku ya ukungu hapa Mbeya. Mti umesimama uwanjani lakini huoni kivuli chake, maana mwanga unatoka kila upande. Jua likichomoza, mwanga unatoka sehemu moja, kivuli kinajichora chini. Kwenye lenzi ya milimita 50, apacha ya f/2.8 ni tundu la karibu milimita 18, na mwanga unalizunguka vumbi mpaka kivuli kinayeyuka. Kwenye f/16 tundu linabaki milimita 3 tu, na kila chembe inaacha kivuli chake. Ndiyo maana mpiga picha wa harusi anaweza kukaa mwaka mzima na sensa chafu bila kujua, huku apacha yake ikiwa wazi muda wote, kisha siku moja akapiga mandhari akadhani kamera imeharibika juzi.

Angalizo: kidoa chenye rangi kali, chekundu, bluu au cheupe, chenye ukubwa wa nukta moja, mara nyingi si vumbi. Ni kijumba kimoja cha sensa kilichokwama. Kufuta hakutakisaidia.

*Umefanikiwa ikiwa:* una picha nyeupe yenye vidoa unavyoweza kuvihesabu. Ukiikuza kwa ukamilifu kwenye kompyuta na usione kitu, ifunge kamera. Huna kazi ya kufanya leo.

## Hatua ya 3: Chora ramani

Chora mstatili kwenye karatasi, weka alama kila penye doa. Lenzi hupindua picha, kwa hiyo ramani igeuze juu chini. Ukiitazama kamera kwa mbele ikiwa imesimama wima, doa lililo juu kushoto kwenye picha lipo chini kushoto kwenye sensa. Kushoto na kulia hazibadiliki. Nimeona watu wakisugua kona ya juu dakika kumi, uchafu umekaa kona ya chini.

## Hatua ya 4: Ifungue kamera kwa njia yake

Kwanza, kama kamera ina usafishaji wa ndani, ule wa kuitikisa sensa, utumie mara mbili tatu kisha rudia kipimo. Vumbi kavu huanguka lenyewe.

Lisipoanguka, toa lenzi, funika mkia wake, kisha ingia kwenye menyu utafute usafishaji wa sensa kwa mkono. Kwenye DSLR, kioo kitanyanyuka na pazia litafunguka mpaka utakapozima kamera.

Hapo ndipo betri inapohusika. Nguvu ya betri ndiyo inayoshikilia vile vitu wazi. Ikikatika wakati kifutio kiko ndani, pazia na kioo vitaangukia mkono wako, na pazia la shata ni jepesi kama ganda la kitunguu. Kamera nyingi hukataa kuingia kwenye menyu hiyo betri ikiwa chini. Usitafute njia ya kuizunguka. Na usitumie B, mpangilio unaoacha shata wazi ukiwa umeshikilia kitufe kwa kidole, maana kidole kikiteleza ni yaleyale.

Wenye mirolesi yenye sensa inayoelea kwa ajili ya kutuliza mtikisiko, someni kitabu cha kamera kwanza. Katika baadhi ya kamera sensa hubaki inachezacheza ikizimwa, na kuisukuma kwa nguvu kunaweza kuumiza mitambo yake.

## Hatua ya 5: Pulizia

Pampu mpya haijawa safi kwa sababu ni mpya. Ibonyeze mara ishirini hewani, kisha puliza juu ya kioo cha simu kilichofutwa. Kikibaki safi, endelea. Pampu nyingine hutoka kiwandani na unga wa kuzuia mpira usigande, na huo ukiingia ndani umejiongezea kazi.

Shika kamera mdomo ukiangalia chini. Ncha ya pampu isivuke mdomo wa kamera, maana mkono hutetemeka unapobonyeza. Puliza mara kumi hadi kumi na tano kwa nguvu, ukilenga sehemu za ramani. Zima kamera, rudisha lenzi, rudia kipimo cha f/16.

*Umefanikiwa ikiwa:* vidoa vimepungua au vimehama. Kidoa kilichohama ni vumbi kavu, pulizia tena. Kisichohama baada ya kupulizia mara tatu kimegandia.

Vikibaki viwili vitatu vidogo vinavyoonekana kwenye f/22 tu, mimi huishia hapo. Kuvifuta kwenye kompyuta ni sekunde chache, na kila mguso wa kifutio una hatari yake.

## Hatua ya 6: Futa kwa dawa, pale tu inapobidi

Uchafu unaogandia hauji na upepo wa barabara ya Chunya peke yake. Kuna matone ya mafuta yanayotoka kwenye mitambo ya shata, hasa kamera ikiwa mpya, nayo huonekana kama duara lenye ukingo mweusi. Kuna alama za unyevu uliokauka. Na kwa wanaopiga misitu ya misonobari ya Sao Hill kule Mufindi, kuna chavua, inayoshika kioo hata ukiipulizia mpaka jioni.

Laza kamera chali mezani, mdomo juu, tochi kichwani, menyu ya usafishaji imefunguliwa. Nawa mikono ukauke. Fungua kifutio kimoja, na usiguse kitambaa chake.

Dondosha tone moja la dawa kwenye ukingo, la pili pembeni yake. Subiri sekunde tano hadi kumi dawa ienee. Kitambaa kiwe na unyevu, kisilowe. Dawa ikizidi hukimbilia kwenye kingo za kioo na kuacha michirizi, na hilo ndilo kosa la pili kwa wingi baada ya tishu.

Weka kifutio ukingo wa kushoto, kikilala kidogo kuelekea unakokwenda. Kandamiza mpaka uone fimbo inapinda kidogo sana, kama unavyoandika kwa penseli iliyochongwa ambayo hutaki ivunjike. Vuta mpaka ukingo wa kulia kwa mwendo mmoja wa sekunde mbili tatu. Usisimame katikati, usirudi nyuma.

Ukifika kulia, kinyanyue, kigeuze utumie upande wa pili, vuta kutoka kulia kwenda kushoto. Basi. Kitupe.

Hapa pana kishawishi. Kifutio kina bei, kinaonekana bado safi, na doa moja limebaki, mtu anasema nipitishe tena. Usipitishe. Chembe ya mchanga uliyoikusanya mara ya kwanza sasa iko kwenye kitambaa, na mpito wa pili unaiburuta juu ya kioo. Yule kijana wa Tukuyu baadaye alipata mchubuko kwa njia hiyohiyo: mstari mmoja mwembamba kutoka kona hadi kona, umenyooka kama uliopigwa rula. Mpaka leo akipiga anga unaonekana.

Zima kamera, rudisha lenzi, pima tena. Doa likibaki, fungua kifutio kipya. Ukimaliza vifutio vitatu na doa lipo palepale, acha. Huenda ni mchubuko, au uchafu umeingia kati ya vioo, na hiyo ni kazi ya fundi.

*Umefanikiwa ikiwa:* karatasi nyeupe kwenye f/16 imetoka nyeupe kutoka kona hadi kona. Michirizi hafifu kama ya dirisha lililofutwa ni mabaki ya dawa. Kifutio kipya chenye tone moja huimaliza.

## Mahali pa kuweka bisibisi chini

Mwongozo huu unaishia kwenye mdomo wa kamera. Ukijikuta unatafuta bisibisi, simama. Kamera yenye fleshi ya ndani ina kapasita inayobeba umeme wa takriban volti 300, na unaweza kubaki humo hata betri ikitolewa. Unaangusha mtu mzima. Usifungue mwili wa kamera kwa kufuata video.

## Vumbi linaingilia wapi

Mara nyingi linaingia na kifuniko. Kile cha nyuma ya lenzi kinatupwa mfukoni au ndani ya begi, kinakusanya nyuzi na mchanga, kisha kinavishwa lenzi. Lenzi ikirudi kwenye kamera, vumbi linadondokea ndani, na kioo kinaporuka linarushwa hadi kwenye sensa. Kwa hiyo vifuniko vioshwe kwa sabuni, vikauke kabisa, na ukivitoa vyote viwili, vya lenzi na vya kamera, vifunganishe vikitazamana.

Kubadilisha lenzi nje, pale Isimila kwa mfano ambako upepo unapita kati ya zile nguzo za udongo na kubeba mchanga, geuzia upepo mgongo, zima kamera, mdomo uangalie chini, lenzi ya pili iwe imeshalegezwa kifuniko. Sekunde tano zinatosha. Juu ya bodaboda au ndani ya daladala, subiri ushuke.

Begi lenyewe likung'ute na kulipitishia kitambaa chenye unyevu kila mwezi wakati wa kiangazi. Msimu wa mvua weka ndani pakiti za silika zinazotoka kwenye maboksi ya viatu, lakini zibadilishe, maana ikishajaa maji haivuti tena. Mchele usiuweke. Unga wake utaukuta kwenye kipimo kinachofuata cha f/16.